Fundo Lisilopauka

Komeo liliingia kwenye tundu lake kwa mlio mmoja mkavu, na Inspekta akabaki gizani na maboya mia mbili ya kuvulia yaliyoning'inizwa yakauke vanishi.

Nje hakukuwa na mtu karibu na mlango. Hilo ndilo alilotaka kulithibitisha, na sasa lilikuwa limethibitika juu ya kichwa chake mwenyewe. Koplo wake alikuwa ameketi hatua tisa kutoka hapo, kwenye kiti cha wafunga ndoana, ameshika ncha ya uzi ambao macho hayaoni. Uzi ulipita nyuma ya rafu, chini kwa chini kando ya ukuta, ukazunguka msumari uliopigiliwa pembeni mwa fremu, ukaishia kwenye tundu la kufuli la komeo. Koplo aliuvuta akiwa amekaa kitako, kama anayevuta uzi wa kazi, na mlango ukajifunga.

Siku nne zilizopita Msimamizi wa karakana aliingia humuhumu kukagua maboya, akafungiwa. Alipokuja kufunguliwa, nusu saa baadaye, alikuwa amelala chini na roho imeshaacha mwili. Daktari alisema ni mvuke wa vanishi, na kifua cha pumu ambayo marehemu aliificha miaka yote. Feni ya kutolea mvuke ilikuwa imekufa tangu asubuhi kwa fyuzi iliyoungua, na hakuna aliyejua. Wanawake watano waliokuwapo kazini waliapa kitu kimoja: hakuna aliyenyanyuka kitini. Kwa siku tatu Inspekta aliwaona waongo watupu. Jana tu, alipokuwa akipaka unga wa alama za vidole kwenye komeo, unga ukashika mahali ambapo hakikuonekana kitu. Kilikuwa kipande cha uzi, urefu wa shubiri mbili, kimefungwa kwenye tundu la kufuli kwa fundo dogo kama punje ya mtama.

Ndiyo maana leo, saa saba na nusu mchana, alikuwa humo ndani akihesabu kimoyomoyo. Maagizo yake kwa Koplo yalikuwa mepesi. Funga. Dakika ya pili nitagonga. Wewe usiangalie mlango, angalia vichwa vya hao wanawake. Dakika ya nne nifungulie.

Chumba hakikuwa na dirisha, na upana wake ulikuwa wa mikono miwili iliyonyooshwa. Feni ilikuwa na fyuzi mpya na ilikuwa ikizunguka, lakini harufu ilimkaa kooni vilevile. Dakika ya pili akagonga mlango kwa kiganja mara nne. Mashine ya kuzungushia uzi iliendelea kunguruma huko nje. Ya nne ilipofika alisikia komeo likitikisika, kisha likagoma. Koplo akalivuta, akalisukuma, akalitukana kwa sauti ya chini. Inspekta aliogopa. Haukuwa woga wa kusimulia baadaye kwa kicheko. Ulikuwa ule wa kumfanya mtu mzima aweke mdomo kwenye ufa wa mlango avute hewa. Mlango ulipofunguka alitoka kwa haraka isiyolingana na cheo chake.

“Haya, niambie,” alisema huku akijifuta uso.

Koplo, mwanamke mfupi mwenye macho yasiyokosa kitu, alimvuta kwanza hadi kwenye ngazi.

“Ulipogonga waliinua vichwa wote, afande. Hata wale dada wawili wa mashine waligeuka. Mmoja tu ndiye hakuinua.”

“Nani?”

Koplo aliangalia viatu vyake. “Bi Kipimo.”

Bi Kipimo alikuwa mfungaji mkuu wa karakana ile kwa miaka ishirini na sita. Jina hilo alipewa kwa sababu hakuna ndoana iliyotoka pale bila kupita mikononi mwake, na kwa sababu hata nyumbani alipima chumvi kwa kijiko kilekile, akakisawazisha kwa kisu. Pia alikuwa mama mzazi wa mke wa Inspekta.

“Huenda ni masikio,” alisema Inspekta. “Ana miaka sitini na mitatu.”

“Juzi nilimenya pipi mfukoni, afande, akaniuliza kama nimebakisha.”

Inspekta alijua tangu mwanzo kwamba hakupaswa kuwa pale. Siku ya kwanza kesi ilipokuja ilikuwa kifo cha bahati mbaya, karatasi mbili za kujaza na saini, na aliichukua kwa moyo mweupe kwa kuwa anapafahamu mahali. Wanawake wa meza ile walimwita mkwe wetu, wakamtania kwamba amekonda, wakamuuliza binti yao anampikia nini. Fundo lilipoonekana, alikuwa ameshasaini. Angeweza kuirudisha kesi kwa Mkuu wa kituo, ila Mkuu alikuwa na mtu wake tayari, na huyo mtu alikuwa amefungiwa kwenye ofisi ya karani pale juu, akilia.

Aliitwa Mama Pacha. Alikuwa na miezi minne tu kazini, na watoto wawili wa kunyonya aliokuwa amewaacha kwa dada yake. Kiti chake kilikuwa karibu na mlango wa chumba cha vanishi kuliko vingine vyote. Asubuhi ya kifo Msimamizi alimrushia pakiti nzima ya ndoana mbele ya wenzake kwa sababu mafundo yake yanateleza, na yeye akasema maneno ambayo wote waliyasikia: ipo siku utanikoma. Mkuu alitaka nini zaidi? Gari la mahabusu lingefika saa kumi. Kama Inspekta ana la kusema, alisema Mkuu kwenye simu, aliseme kabla ya hapo, na liwe na kichwa na miguu.

Simu ilitetemeka mfukoni. Ulikuwa ujumbe wa mkewe: *Ukionana na mama mwambie chakula chake nimemwekea, msichelewe.* Akairudisha mfukoni.

Walirudi ndani. Karakana ilikuwa ukumbi mrefu wa ghorofa ya pili, madirisha yake yamefungwa kwa nondo na waya wa mbu, na mlango wa kutokea ulikuwa mmoja tu, ule ambao sasa ulilindwa na askari. Tangu asubuhi hakuna aliyeruhusiwa kutoka bila kusindikizwa. Inspekta aliketi mbele ya mfungaji mwingine wa ndoana, ambaye wenzake walimwita Redio kwa sababu hazimwi. Akamwekea mezani mfuko wa nailoni wenye kile kipande cha uzi, akampa lenzi, akamwomba amfundishe kana kwamba hajui lolote. Ombi hilo lilimfurahisha Redio kuliko ilivyostahili katika hali ile.

Alianza na uzi wenyewe. Kwenye roli umeandikwa fluorokaboni, lakini hapo wao huuita kioo, maana ukizama majini unapotea, samaki haoni kitu. Uzuri wake ndio huo. Ubaya wake ni kwamba ni mgumu, unateleza, na una kiburi. Fundo linalokaa vizuri kwenye nailoni ya kawaida, kwenye kioo hufunguka lenyewe. Kwa hiyo fundo unalichagua kwa kuangalia uzi. Ukiwa mwembamba unazungusha mara sita; ukiwa mnene, kama huo wa kwenye mfuko, mara nne zinatosha, ukizidisha mizunguko haikai sawa, inapandiana. Fundo imara kuliko yote ni lile la kukunja, uzi unapitishwa ukiwa mara mbili kisha ndoana nzima inamezwa na kitanzi.

“Kwa nini hapa halikutumika hilo?” aliuliza Inspekta.

“Utalimezeshaje komeo zima, mkwe wetu? Komeo liko mlangoni. Hapo huna budi uzungushe.”

Kisha akafika kwenye jambo ambalo Inspekta alikuwa akilingojea na hakulitaka. Kioo hakivutwi kikavu. Kabla ya kukaza fundo unaliweka mdomoni, unalilowesha mate, halafu unalivuta polepole mpaka likae. Ukilivuta kavu uzi unajisugua, unapata joto, unaungua kwa ndani. Unaliona limepauka, jeupe kama ukungu. Fundo lililopauka ni maiti. Likipata mzigo linakatikia hapohapo.

“Na hili?”

Redio aliinama na lenzi. “Hili ni safi. Angalia, maji matupu. Huyu alilowesha.”

Inspekta alimwomba afunge moja. Redio alikuwa mashoto, na mizunguko yake ilielekea upande wa pili kabisa, ikipishana na ile ya kwenye mfuko. Alilijua hilo kabla ya kuambiwa, akacheka kwa kujipongeza, akasema basi mnifute mimi. Inspekta akamfuta. Alitamani asingemfuta, mtu wa kumshuku alikuwa amepungua mmoja, na waliobaki wanaofunga ndoana walikuwa wawili. Wale dada wa mashine kazi yao ilikuwa kuzungusha uzi kwenye roli, na hawakujua kufunga hata fundo la kiatu, alivyosema Redio.

Koplo akaleta bahasha. Siku ya kwanza alikuwa amefagia kizingiti cha chumba cha vanishi na kuhifadhi kila takataka, kama alivyofundishwa, na katika vumbi lile kulikuwa na kitu kidogo ambacho hakuna aliyekijali. Kilikuwa fundo la kioo lililokatwa, mizunguko minne, jeupe.

Redio alilitazama muda mrefu kuliko lile la kwanza.

“Hili limeungua,” alisema. “Lilivutwa kavu. Mwenyewe kaliona limepauka, akalikata, akafunga jingine.”

“Mama Pacha anaweza kukata fundo lake kwa kuwa limepauka?”

“Yule?” Redio alishindwa kujizuia. “Yule hulificha chini ya pakiti ili lisionekane. Ndiyo maana aligombezwa.” Akanyamaza ghafla, kwa mara ya kwanza siku ile, kwa sababu alikuwa amesikia alichokisema. Alirudisha lenzi mezani taratibu na hakumtazama mtu yeyote.

Mama Pacha aliteremshwa kutoka ofisini, macho yamevimba, kifua cha blauzi kimelowa maziwa. Inspekta alimpa uzi na ndoana, akamwambia afunge vizuri kadiri awezavyo. Aliliweka fundo kwenye kinywa kikavu, akavuta kwa pupa, likapauka, na mashine ya kupimia nguvu ya mafundo ilipolivuta likateleza lote likaacha mkia uliojikunja. Mara tatu alifunga, mara tatu likawa vile. Alipoulizwa kama yeye ndiye aliyemfungia Msimamizi alitikisa kichwa. Alisema angependa kumfungia, kweli, lakini asingejua pa kuanzia.

Inspekta alipiga simu kwa Mkuu akiwa dirishani. Mkuu alimsikiliza, akamwambia kwamba hata chongo hupata shabaha siku moja, na kwamba mahakama haihukumu kwa mate. Sasa ni saa nane na dakika arobaini, akamkumbusha. Akakata.

“Kuna kitu hakikai sawa,” Inspekta alimwambia Koplo walipokuwa wamesimama mbele ya ule msumari. Msumari ulikuwa na mikwaruzo mipya na nyuzi ndogo nyeupe zilizochanika. “Uzi ulikatikia hapa, kwenye msumari. Siyo kwenye fundo.”

“Naam.”

“Aliyefanya hivi alitaka komeo likishaingia, avute kwa nguvu, uzi ukatikie kwenye fundo, aurudishe wote kwake. Ubaki mezani pake kati ya nyuzi nyingine elfu. Kwenye komeo pasibaki kitu. Kwa kazi hiyo anahitaji fundo baya.”

“Lililopauka.”

“Na alikuwa nalo. Alilifunga lililopauka, ndilo lililomfaa, halafu akalikata akafunga zuri. Hilo zuri likashika, uzi ukachanikia msumarini, ukabaki ushahidi.”

“Basi ni mjinga,” alisema Koplo.

Inspekta alitamani iwe hivyo. Alijua mtu mmoja ambaye hujikuta amekunja nguo za jirani zilizoanikwa vibaya, na ambaye kwenye harusi yake yeye Inspekta aliufumua mkufu wa bibi harusi mlangoni pa ukumbi, wageni wakingoja, kwa kuwa kishikizo kilikaa upande. Alijisikia kama amerudi mle chumbani na komeo limegoma. Kila alipoweka mkono palikuwa ukuta: akinyamaza, mama wa watoto wawili anapanda gari saa kumi, akisema, atarudi nyumbani kwa mkewe bila mama.

Kisha akamwambia Koplo awalete wafungaji wote watatu mezani.

Walikaa. Bi Kipimo alikuwa katikati, mgongo umenyooka, mkasi mdogo ukining'inia shingoni kwa utepe. Alimwangalia Inspekta kwa utulivu ambao mkwe hutazamwa nao akikosea mlango wa kuingilia.

“Umekula, baba?” alimuuliza.

“Bado, mama.”

“Utaumwa tumbo.”

Inspekta aligawa uzi mnene na ndoana. Alieleza kwamba anachotaka siyo fundo zuri. Anataka fundo baya. Kila mmoja amfungie fundo ambalo mashine ikilivuta, likatike palepale kwenye fundo.

Redio alifunga lake kwa kufumba na kufumbua, akalivuta kavu mpaka likalia, akalitupa mezani likiwa jeupe. Mama Pacha alisema yeye hana haja ya kujaribu, ayaangalie yale matatu ya mwanzo. Hata askari wa mlangoni alicheka kidogo.

Bi Kipimo alichukua uzi wake. Kwa muda hakufanya lolote, kana kwamba anautafakari mtego ulivyotegwa, na Inspekta alimwombea kwa moyo wake wote: funga baya, mama, funga baya unishinde. Akapitisha uzi kwenye tundu la ndoana, akazungusha mara nne, akarudisha ncha. Akavuta kavu. Uzi ulilia, fundo likapauka, jeupe pee. Inspekta alishusha pumzi. Alikuwa tayari kunyoosha mkono alichukue.

Lakini mikono ya mama yule haikulitoa. Kidole gumba kilipita juu ya fundo, kikahisi lilivyokwaruza. Mkono wa kulia ukapanda shingoni, ukashika mkasi, ukalikata. Kipande cheupe kikaanguka mezani. Uzi ukapita tena kwenye tundu, mizunguko minne, ncha ikarudi, fundo likapanda mdomoni, likaloweshwa, likavutwa polepole mpaka likakaa. Mkasi ukapunguza mkia. Yote hayo yalichukua muda wa kupiga chafya mbili, na macho yake wakati huo yalikuwa kwa Mama Pacha, kwenye ile blauzi iliyolowa.

Akanyoosha mkono kumkabidhi Inspekta. Hapo ndipo alipotazama chini.

Redio aligeuza uso ukutani. Fundo lililokuwa kwenye kiganja cha Bi Kipimo lilikuwa safi kama maji, na kile kipande cheupe kilikuwa mbele yake, pacha wa kile cha kwenye bahasha.

“Mama,” alisema Inspekta.

“Nimeona.”

Aliiweka ndoana chini kwa uangalifu, ncha ikiwa imeelekea kwake mwenyewe ili isimchome mtu. Inspekta aliwaomba wengine watoke. Mama Pacha alipita mlangoni kwa mbio, bila kuaga, na hakuna aliyemlaumu. Koplo alibaki kama shahidi. Alijitolea kuandika yeye, afande apumzike kidogo, lakini Bi Kipimo alikataa.

“Aandike mkwe wangu,” alisema. “Ana mwandiko unaosomeka.”

Akasimulia kwa mpangilio, bila kurudi nyuma. Msimamizi aliamuru wasipime tena kila fundo, wapime moja katika mia, na zilizobaki zigongwe muhuri tu. Muhuri ulikuwa na jina lake yeye. Alikataa mara mbili. Siku ile mkaguzi wa viwango alikuwa anakuja saa nne, na Msimamizi alishaandaa karatasi ya kuonyesha kwamba kila fundo limepimwa na Bi Kipimo. Mkaguzi asipomkuta Msimamizi ofisini angeondoka, karatasi isingesainiwa, na yeye angepata siku ya kwenda kwa mwenye karakana kusema ukweli. Kwa hiyo alifika alfajiri kama kawaida yake, akafungua kwa ufunguo wake, akatandaza uzi, akijua kwamba Msimamizi huingia kukagua maboya kila asubuhi. Alifunga baya, kama alivyokusudia. Hakukumbuka kulikata. Angeulizwa kwa kiapo angesema hakulikata.

Siku ile, baada ya yote, hakupata nafasi ya kukiondoa kipande kilichobaki. Yeye ndiye aliyefungua mlango mkaguzi alipoteremka ngazi, na wenzake wote walikuwa mgongoni kwake. Baadaye polisi walikuja wakaweka utepe.

“Sikujua kuhusu feni,” alisema. “Wala kifua chake. Nilitaka akae humo, akasirike, atoke anitukane. Nilijiandaa kutukanwa.”

Inspekta aliandika. Chini barabarani gari lilisimama, mlango wake ukafunguliwa na kufungwa, na sauti ya Mkuu ikasikika ikimuuliza askari mtuhumiwa yuko wapi. Viatu vikaanza kupanda ngazi.

Swali lilikuwa limebaki moja. Wenzake wote walieleza kwamba siku ile walisikia kugonga, wakadhani marehemu anagongagonga trei zake, maana ndiyo tabia yake. Wao hawakujua kwamba amefungiwa. Mtu mmoja tu alijua. Swali hilo likiulizwa, maelezo haya yatakuwa mengine kabisa, na kifungo chake kingine. Lisipoulizwa, hakuna atakayelikumbuka ila Koplo, na Koplo alikuwa ameinamisha kichwa akikagua kucha zake kwa bidii kubwa.

Kalamu ilisimama. Bi Kipimo aliiona.

“Umeruka mahali,” alisema kwa upole, sauti ileile aliyomwambia nayo siku zote kwamba kola yake imekunjamana. “Wewe ulijifungia humo leo ukagonga. Niulize.”

“Mama, tunaweza kuishia hapa.”

“Niulize, baba. Sipeleki kazi yangu nje nusu.”

Mkuu alikuwa ameshafika mlangoni, amesimama akitweta kwa ngazi, pingu mkononi, akiwatazama mmoja baada ya mwingine bila kuelewa.

Inspekta aliirudisha kalamu kwenye karatasi. “Marehemu alipokuwa akigonga, ulisikia?”

“Nilisikia. Nilikuwa nasema moyoni, mkaguzi akiteremka tu nafungua. Mkaguzi akawa anaongea na karani.” Alikunja mikono yake mapajani, kulia juu ya kushoto. “Aligonga mara kumi na moja. Nilihesabu.”

Inspekta akaandika kumi na moja, kwa tarakimu na kwa maneno, kama utaratibu unavyotaka, kisha akamgeuzia karatasi aweke saini.